Jibu: Kwa nini Mary-Claire King alichukua miaka mingi kupata mahali ilipo jeni ya saratani ya matiti

Ndugu, umeuliza kwa nini Mary-Claire King, mtaalamu wa vinasaba wa Marekani, alianza kuitafuta jeni hiyo mwaka 1974 lakini akatangaza mahali ilipo mwaka 1990. Wakati ule wataalamu wengi hawakuamini kwamba jeni moja ingeweza kubeba hatari kubwa kiasi hicho, na alama za vinasaba (sehemu za DNA zinazotofautiana kati ya watu) za kulinganishia wanafamilia zilikuwa chache mno. Kilichofungua njia, kwa maoni yangu, ni kuzipanga familia 23, zenye wagonjwa 146, kwa umri wa kuugua: katika zile ambazo wanawake waliugua wangali vijana, alama iliyoko kwenye kromosomu ya 17 (mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni) ilirithiwa pamoja na ugonjwa, ishara kwamba jeni iko karibu nayo. Jeni yenyewe, BRCA1, ilinaswa mwaka 1994 na kundi jingine la watafiti, la Mark Skolnick wa Utah, Marekani.