Mrepublikani sawa, lakini mchawi katoka wapi?

Msomaji wetu anayeishi Columbus, Ohio, anauliza: "Kila Jumapili huwaandikia ndugu zangu wa Magu muhtasari wa siasa za Marekani. Niandike Mrepublican, Mrepublikani, au mwanachama wa Republican? Kwa mfano: 'Mrepublikani mmoja amesema uchunguzi dhidi ya Trump ulikuwa uwindaji wa wachawi.' Shangazi yangu hajui Kiingereza, naye ndiye msomaji wangu mkuu."

Swali lako halina uzito, ndugu yangu. Mtu ni wa ngeli ya kwanza hata akiwa wa chama gani: Mrepublikani, Warepublikani, Mdemokrati, Wademokrati. Ukiliacha jina kama lilivyo, "Mrepublican", sitapanda ndege kuja Ohio kukugombeza. Asili yake ni Kilatini, jambo la umma, na sisi kwa maana hiyo tuna "jamhuri" tuliyoipata kwa Waarabu. Ila usiwaite Wanajamhuri, hakuna atakayejua unawasema akina nani. Hilo limekwisha.

Sasa nieleze kuhusu hao wachawi.

Nimekuwa nikikutana na "uwindaji wa wachawi" tangu Mei 2017, mwendesha mashtaka maalumu Robert Mueller alipoteuliwa kuchunguza mambo ya Urusi na uchaguzi wa 2016 uliomwingiza Trump madarakani, hadi alipokabidhi ripoti yake Machi 2019, na mpaka leo halijanitoka machoni. Kila Trump alipolalamika kwa Kiingereza kwamba ni "witch hunt", yaani anaandamwa bure, kwetu kulikuwa na mtu wa kumfasiria neno kwa neno, akaenda zake kunywa chai. Wengine, kwa kujiona mafundi, wakaandika "msako wa wachawi". Uwindaji una leseni na vitalu. Msako una polisi, mgambo na karandinga. Katika sentensi zote mbili, mchawi yupo, amejificha, na serikali inafanya kazi nzuri ya kumtafuta. Yaani umeandika kinyume kabisa cha alichosema mlalamikaji!

Maana Mmarekani akisikia maneno hayo, akili yake inakwenda Salem, Massachusetts, mwaka 1692. Watu kumi na tisa walinyongwa kwa uchawi, na mzee Giles Corey, aliyekataa kujibu mashtaka, akakandamizwa kwa mawe mpaka akafa. Kisha wakaona haya. Mwaka 1711 ndugu za waliouawa walilipwa fidia, na aliyebaki wa mwisho kusafishwa jina, Elizabeth Johnson, alisafishwa mwaka 2022. Kwa hiyo mtoto wa shule wa kule anajua kwamba hapakuwa na mchawi hata mmoja. Ndiyo maana katika miaka ya 1950 wapinzani wa Seneta Joseph McCarthy waliutumia msemo huo alipokuwa akiona wakomunisti kila ofisi, na ndiyo maana siku hizi mwanasiasa yeyote aliyebanwa, wa chama chochote, huukimbilia. Ndani yake mna neno lisilotamkwa: wachawi hawapo.

Je, shangazi yako wa Magu analo neno hilo lisilotamkwa? Hata Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo ingali kwenye vitabu vyetu vya Tanzania, haijakata shauri: inamwadhibu anayefanya uchawi, na inamwadhibu pia anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Na huko Usukumani kwenu vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyochoshwa na moshi wa jikoni. Hao ndio waliowindwa. Unampelekea mwanamke mzee wa huko habari kwamba rais mwenye ulinzi na mawakili wa kumtosha "anawindwa kama mchawi", halafu unategemea aelewe kuwa ni tamathali? Atakuuliza, na atakuwa na haki: "Kwani huyo baba ni mchawi?"

Cha kuudhi zaidi ni kwamba Kiswahili kina msemo wake wa mchawi, nao unakwenda njia nyingine. Timu ikifungwa, washabiki "wanatafuta mchawi": mara kipa, mara kocha, mara refa. Hapo aliyepoteza ndiye anayetafuta wa kumbebesha lawama. Nakiri kuwa maneno hayo yangeweza kuwekwa mdomoni mwa Trump, aliyekuwa akidai kwamba Wademokrati walishindwa mwaka 2016 na sasa wanatafuta mchawi. Hiyo ingekuwa fasiri! Lakini ingehitaji mfasiri akae afikiri, na chai ingepoa.

Vinginevyo, tuna maneno ya kutosha: wanamwandama, wanamsakama, wanamtafutia visa, wanampakazia. Chagua kwa kadiri ya hasira ya msemaji. Nitavumilia jambo moja tu: ukinukuu kauli yenyewe ndani ya alama za nukuu, andika "msako wa wachawi" na uongeze nusu sentensi kuhusu Salem. Mtu ana haki ya kusema kwa kinywa chake. Ila nje ya nukuu, unaposimulia kwa sauti yako, wachawi wabaki Salem.

Na kabla hujanitumia yule "tembo chumbani" wa Kiingereza, yaani jambo kubwa ambalo kila mtu analiona na hakuna anayelitaja, ambaye najua yuko njiani: kwetu Pwani tembo huyo ni pombe ya mnazi, na akiwa chumbani hakuna anayejifanya hamwoni. Tena kwa Wamarekani tembo ni nembo ya hao hao Warepublikani, tangu mchora katuni Thomas Nast alipomchora mwaka 1874, kwa hiyo utakuwa umetuchanganya mara mbili. Sema watu wanajitia hamnazo, au wanafunika kombe mwanaharamu apite.

Shangazi mwandikie hivi: "Mrepublikani mmoja amesema uchunguzi ule ulikuwa wa kumwandama Trump bure." Akikuuliza kama ni kweli alikuwa akiandamwa, hilo si swali la lugha, usiniletee.