Maswali ya wasomaji: spika zinazotoa sauti pande zote

SWALI: Nina jozi ya spika ambazo wufa (kipaza cha besi) na twita (kipaza cha sauti nyembamba) zake zinatazama juu, kila moja ikiwa na koni ya kutawanyia sauti. Muziki unajaa chumba kizima, lakini mwimbaji hajulikani alipo, ametanda ukuta mzima. Spika ziko sentimita 25 kutoka ukuta wa nyuma. Je, ni mbovu?

JIBU: Hatudhani. Ila kwanza hakikisha nyaya hazikupishana. Zima amplifaya, chomoa nyaya kwenye amplifaya pekee, kisha gusisha betri ya volti 1.5 kwenye ncha zake kwa sekunde moja tu, chanya ya betri kwenye waya uliotoka chanya ya amplifaya, huku ukimulika wufa kwa tochi. Itaruka juu au itazama. Baadhi ya watengenezaji huigeuza kwa makusudi, kwa hiyo usishangae ikizama. Muhimu ni kwamba ya pili ifanye vilevile. Zikitofautiana, chanya na hasi zimebadilishana mahali katika spika moja. Dalili yake ni hiyohiyo ya mwimbaji kutanda, na besi inakuwa hafifu.

Nyaya zikiwa sawa, tatizo ni ukuta. Spika hizi hutupa nyuma sauti nyingi kama zinavyotupa mbele. Kwa sentimita 25, sauti iliyodunda ukutani hukufikia ikiwa imechelewa milisekunde 1.5 hivi, na sikio huichanganya na ile iliyokuja moja kwa moja. Ukiziweka mita 1 kutoka ukutani, ucheleweshaji unakaribia milisekunde 6, na sikio huanza kuisikia kama nafasi iliyo nyuma ya mwimbaji.

Anza basi na mita 1 nyuma na sentimita 70 ubavuni, ukipima kutoka katikati ya koni. Vipimo hivyo viwili visilingane. Kwenye mita 1, ukuta hupunguza besi karibu na hezi 86 (mitetemo 86 kwa sekunde). Ukuta wa ubavuni nao ukiwa mita 1, shimo hilo linachimbwa mara mbili. Bandika tepu sakafuni, weka rekodi ya sauti ya mtu mmoja ikiwa mono (sauti ileile kwenye spika zote mbili), kisha sogeza spika zote mbili sentimita 5 kila mara. Mwimbaji akianza kupata umbo katikati, simama hapo. Bado ametanda? Sogeza kiti karibu na spika, kwani ukikaribia, sauti ya moja kwa moja huishinda ile ya kuta. Kuzigeuza zikutazame, kama watu wanavyofanya na spika za kawaida, ni kazi bure, labda twita yake iwe inatazama mbele.

Chumba kikiwa kidogo, weka nyuma ya kila spika rafu ya vitabu vya unene tofauti. Pazia jembamba tusingelishauri: linameza sauti nyembamba tu na kuziacha nyingine zote, na kwa kuwa sehemu kubwa ya unachosikia imeshapitia kuta, muziki unapooza.

SWALI: Kwangu mwimbaji yuko, ila amejisogeza kulia.

JIBU: Zima amplifaya, badilisha nyaya za kushoto na kulia kwenye amplifaya, usikilize tena. Akihamia kushoto, kasoro iko kwenye amplifaya au kifaa kinachoilisha. Akibaki kulia, rudisha nyaya, kisha zibadilishane spika zenyewe mahali. Akihama nazo, mojawapo ya spika ina hitilafu. Akiendelea kubaki kulia, ni chumba, na mara nyingi utakuta kulia kuna kioo cha dirisha na kushoto kuna mlango ulio wazi au kochi kubwa. Funga pazia zito upande wa kioo, au sogeza spika hiyo sentimita 10 hadi 20 mbali nacho. Kitufe cha mizani ya kushoto na kulia usikiguse hadi hayo yote yashindikane.

SWALI: Besi inavuma nikikaa kwenye kochi, nikisimama katikati ya chumba inapotea. Chumba kina urefu wa mita 5.

JIBU: Kochi limeegemea ukuta, sivyo? Mita 5 huzaa mvumo karibu na hezi 34, na ukutani ndiko unakojaa, katikati unatoweka. Leta kochi mbele hadi mita 1.9 kutoka ukutani, au popote karibu na hapo panapowezekana. Ukitumia ikwalaiza (kirekebisha sauti cha kupandisha au kushusha besi na sauti nyembamba), shusha kilele cha mvumo desibeli 4 hadi 6, wala usijaribu kujaza shimo: unaichosha amplifaya na shimo halijai. Juu ya hezi 300 usirekebishe kwa kipimo kimoja cha mikrofoni. Pima sehemu tano zilizoachana sentimita 30, uchukue wastani.

SWALI: Vumbi linajaa kwenye wufa. Nitumie mashine ya kufyonza?

JIBU: Hapana, itaibonyeza kuba ya katikati. Tumia brashi laini mpya ya rangi, kutoka katikati kwenda ukingoni. Wufa inayotazama juu ni bakuli: spika ikianza kukereza kwenye besi, tafuta kwanza pini ya nywele au kifuniko cha kalamu kabla ya kumwita fundi. Kisha kagua ukingo wa sponji. Ukiwa na nyufa au ukinata kidoleni, ubadilishwe kwenye spika zote mbili kwa pamoja, la sivyo besi ya kushoto na ya kulia hazitalingana.