Maswali ya wasomaji: Nafikisha 65 huku Marekani, nichukue bima gani?

Mwezi huu nimeamua ukurasa wote uwe wa bima ya afya ya wastaafu, maana barua zimekuja nyingi na nyingine zina haraka, mtu akikosa dirisha lake anaweza kulipia maisha yake yote. Hela nilizotaja humu ni za mwaka 2026, zinabadilika kila Januari.

SWALI: Habari za kazi mwanangu. Mimi mama wa Tanga, naishi Irving Texas, nimehudumia wazee kwenye nyumba za wazee miaka mingi mpaka magoti yamechoka. Mwezi wa tano natimiza 65 na naacha kazi. Kuna eijenti wa bima ananipigia kila siku, anasema ana plani ya dola sifuri, meno yamo, miwani imo, halafu kuna kadi ya kununulia chakula. Wenzangu wengi kanisani wameichukua. Mimi nina presha na sukari, na nikishastaafu nataka kila mwaka baridi ikianza niende nyumbani nikakae na wajukuu miezi mitatu minne. Nisaini?

JIBU: Shikamoo mama, na pole na magoti. Usisaini chochote kwenye simu, hata akikwambia ofa inaisha leo. Kwanza kanuni za Medicare, ile bima ya afya ya serikali ya wenye miaka 65 na zaidi, haziruhusu eijenti kukupigia kama hujamwomba, kwa hiyo huyo ameshaanza vibaya, na ukishamsajilisha analipwa kamisheni.

Hiyo dola sifuri ndiyo inawachanganya watu wengi. Wewe umefanya kazi na kukatwa kodi zaidi ya miaka 10, kwa hiyo Sehemu A ya Medicare, ile ya kulazwa, unapata bila kulipa ada ya mwezi. Sehemu B, ya madaktari na vipimo na matibabu ya kwenda na kurudi, ada yake ni dola 202.90 kwa mwezi na utaendelea kuilipa hata ukiwa na hiyo plani ya eijenti. Sifuri ni ada ya kampuni yake tu, juu ya hiyo 202.90.

Sasa una njia mbili. Ya kwanza ni kubaki na Medicare yenyewe ya serikali, ambayo unaingia nayo kwa daktari yeyote au hospitali yoyote nchi nzima inayopokea Medicare, ila ina matobo: ukilazwa unaanza kulipa dola 1,736 mwenyewe, na kwa daktari ukishamaliza dola 283 za mwanzo wa mwaka unalipa asilimia 20 ya kila bili na hiyo asilimia 20 haina kikomo kabisa, ukipata saratani ni asilimia 20 ya bili ya saratani. Ndiyo maana watu wananunua bima ya kuziba matobo, inaitwa Medigap, ina herufi herufi, na ile ya G inalipa karibu yote hayo isipokuwa zile dola 283. Bei yake ni mara nyingi dola mia moja na kitu kwa mwezi, kwingine mia mbili na zaidi, inategemea jimbo na umri na kampuni. Halafu dawa unanunulia plani yake peke yake, Sehemu D.

Njia ya pili ndiyo hiyo ya eijenti, Medicare Advantage. Kampuni binafsi inachukua A na B yako na mara nyingi dawa pia, inakuongezea meno na miwani, lakini unatibiwa kwenye netiweki yao, yaani madaktari na hospitali walioingia mkataba nao, vipimo vingi vikubwa mpaka waombwe ruhusa kwanza, na kila huduma ina malipo yake mpaka ufike kikomo cha mwaka, ambacho kisheria kinaweza kufika dola 9,250 kwa madaktari wa netiweki. Mtu mzima wa afya anaiona tamu sana. Akiugua ndio anaanza kuhesabu.

Mama kwa hali yako mimi ningechukua Medicare ya serikali na Medigap G kama pensheni yako inaweza kubeba, nakwambia wazi. Sababu ya kwanza ni mlango unaofungwa. Ukianza Sehemu B ukiwa na 65, una miezi sita ambayo kampuni yoyote ya Medigap lazima ikuuzie, haiwezi kukuuliza sukari wala presha wala kukupandishia bei kwa ajili ya ugonjwa. Miezi sita ikiisha, Texas na majimbo mengi wanaruhusiwa kukupa fomu ya maswali ya afya na kukukataa. Majimbo machache kama New York na Connecticut ndiyo yanalazimisha kampuni ziuze wakati wowote. Kwa hiyo kutoka Medigap kwenda Advantage unaweza kila mwaka kati ya Oktoba 15 na Desemba 7, ila kurudi ndio kazi, na mwenye sukari ndiye anayekwama. Kuna nafuu moja watu hawaambiwi: ukichukua Advantage mara yako ya kwanza kabisa ukiwa na 65 na hukuipenda, ndani ya miezi 12 ya mwanzo una haki ya kurudi na kununua Medigap bila maswali. Waambie na wenzako wa kanisani walioingia mwaka huu, wahesabu miezi yao.

Sababu ya pili ni Tanga. Medicare hailipi matibabu nje ya Marekani, ukiacha mazingira machache sana ambayo hayakuhusu wewe. Medigap G inalipa dharura ukiwa safarini: unaanza na dola 250 zako, halafu wanalipa asilimia 80, mpaka dola 50,000 kwa maisha yako yote. Lakini soma hapa vizuri mama, ni dharura inayoanza ndani ya siku 60 za kwanza za safari. Wewe unakaa miezi minne, kwa hiyo nusu ya pili hauna kitu, hapo nunua bima ya safari. Plani nyingine za Advantage nazo zina dharura ya nje, muulize akuonyeshe kwa maandishi, na ujue Advantage wanaweza kukutoa ukikaa nje ya eneo lao zaidi ya miezi sita mfululizo.

Dawa za kwenda nazo mwombe daktari akuandikie za siku 90 na uwapigie Sehemu D mapema kabla ya tiketi, maana utakazonunua famasi ya Tanga hawakurudishii. Na kwenye kuchagua Sehemu D usiangalie ada peke yake. Toa vichupa vyako vyote mezani, andika jina la dawa, miligramu, na unakunywa mara ngapi, uingize kwenye tovuti ya Medicare.gov, itakupangia plani kwa gharama ya mwaka mzima, na utashangaa ya ada ndogo mara nyingi siyo ya kwanza. Insulini ni dola 35 kwa mwezi haizidi, na dawa zote kwenye orodha yao kikomo chako ni dola 2,100 kwa mwaka.

Tarehe zako: dirisha la kujiandikisha limefunguka Februari linafungwa mwisho wa Agosti. Jiandikishe Social Security, ofisi ya serikali ya pensheni, kabla Aprili haijaisha ili kadi ianze kufanya kazi Mei mosi. Usiache kwa kuwa eti huumwi. Kila miezi 12 unayochelewa Sehemu B bila sababu inayokubalika ni asilimia 10 juu ya ada, na haiondoki.

SWALI: Hujambo binti. Nina 66, naendesha lori hapa Columbus Ohio, kampuni ni ndogo tupo kama kumi na wawili na tajiri anatupa bima nzuri. Medicare sijagusa, kila mtu ananiambia ukiwa na bima ya kazi subiri. Nafikiria kuacha mwakani, jamaa mmoja kasema nikiacha nichukue COBRA, ile ya kuendelea na bima ya kazi kwa kulipa mwenyewe, mwaka mmoja na nusu ndio niingie Medicare. Ni sawa?

JIBU: Sijambo mzee wangu, shikamoo. Hapana siyo sawa, na hili naomba ulifanye wiki hii.

Ule ushauri wa "subiri" ni wa kampuni yenye wafanyakazi 20 au zaidi. Chini ya 20, ukishafika 65 Medicare ndiyo inatakiwa ilipe kwanza na bima ya tajiri inafuata nyuma. Wewe hauna Medicare, kwa hiyo bima ya kazi ina haki ya kusema sehemu ya kwanza siyo yetu, na bili inakuja kwako. Nimekaa na mzee mwenye hali kama yako, bima ililipa miezi na miezi kisha mtu mmoja ofisini akaangalia tarehe ya kuzaliwa, wakaanza kudai hela za nyuma. Alikuwa ameshafanyiwa operesheni ya mgongo.

Kizuri ni kwamba penalti ya Sehemu B haikuhusu, kwa sababu bima yako inatokana na kazi unayoifanya sasa hivi. Fomu ni mbili, CMS-40B unajaza wewe, na CMS-L564 anajaza tajiri kuthibitisha ulikuwa na bima, zote zinaenda Social Security. Kama unaweka hela kwenye akaunti ya HSA, ile akiba ya matibabu isiyokatwa kodi, acha kwanza, maana Sehemu A wanairudisha nyuma mpaka miezi sita na hela ulizoweka miezi hiyo zinakuletea kodi. Muulize pia tajiri akupe barua inayosema kama bima yake ya dawa inatosha kwa viwango vya Medicare. Kama haitoshi, Sehemu D nayo inaweza kukuhesabia penalti ya asilimia 1 kwa kila mwezi unaochelewa.

COBRA haihesabiki kama bima ya kazi. Ukiacha kazi una miezi 8 tu ya kuingia Sehemu B, COBRA uwe nayo usiwe nayo. Ungemfuata huyo jamaa mwezi wa 18 ungejikuta na penalti, na unasubiri Januari mpaka Machi ndio uruhusiwe kujiandikisha. Ile miezi sita ya Medigap niliyomwambia mama wa Irving, kwako inaanza siku Sehemu B inapoanza, kwa hiyo ukijiandikisha amua na hilo hapo hapo.

SWALI: Dada mambo. Nimemleta mama kutoka Bukavu kwa grinkadi, tuko Phoenix, ana miaka 71 na ana miaka miwili hapa. Nimeambiwa akishapita 65 Medicare ni bure. Ofisini wamemkataa. Tukate rufaa?

JIBU: Poa dada, mpe mama salamu. Rufaa haitasaidia, hawajakosea. Ubure wa Sehemu A unatokana na kazi iliyokatwa kodi hapa, ya mtu mwenyewe au ya mume au mke wake. Ya mtoto haihesabiki, hata ungekuwa umefanya kazi miaka 30. Yeye atastahili kununua akishakaa miaka mitano mfululizo na grinkadi, na bei siyo ndogo: Sehemu A ni dola 565 kwa mwezi, Sehemu B ile ile 202.90. Anaweza kuchukua B peke yake, ila Advantage wala Medigap hawatampokea bila A.

Kwa miaka mitatu hii iliyobaki angalia HealthCare.gov, tovuti ya serikali ya kununulia bima za kampuni binafsi, mwenye grinkadi anaruhusiwa kununua hata kama ana zaidi ya 65 ilimradi hana Medicare. Dirisha linafunguliwa Novemba 1. Msaada wa kupunguza bei unategemea kipato, na kama unamweka kwenye kodi zako kama mtegemezi basi ni kipato chako wewe ndicho kinaangaliwa, kaa na mtu wa kodi kabla hujajaza. Zile bima za wageni zinazouzwa kwa bei rahisi siyo za mtu wa 71 mwenye ugonjwa wa muda mrefu, nyingi ugonjwa aliokuja nao hazigusi.

Na kwa ndugu zetu Wakongomani walioingia kama wakimbizi: sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imemtoa mkimbizi asiye na grinkadi kwenye orodha ya wanaostahili Medicare, hata wale ambao tayari wanayo wamepewa muda tu. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba grinkadi akitimiza mwaka mmoja hapa. Mwenye mzee nyumbani ambaye karatasi zake zimekaa kwenye droo, zitoe leo.

SWALI: Mwanangu, mimi na mke wangu tunarudi Kilifi moja kwa moja, nyumba imeisha. Tunazo A na B. Tuendelee kulipa B?

JIBU: Shikamoo mzee, na hongereni kwa nyumba. Sehemu A waachieni hapo hapo, haiwagharimu kitu. B kwa wawili ni karibu dola 4,870 kwa mwaka, na ukiwa Kilifi haikulipii hata panadol. Lakini mkiiacha na baada ya miaka mitano mmoja akaumwa mkataka kurudi kutibiwa kwa watoto, mnaingia kwa penalti ya asilimia 50, na lazima mngoje dirisha la Januari mpaka Machi.

Kwa hiyo swali langu kwenu ni moja, mtu akipata ugonjwa mkubwa mtatibiwa wapi? Kama jibu ni Marekani kwa watoto, bakini na B hata kama inauma. Kama ni Mombasa au Nairobi, iacheni kwa barua rasmi, na hizo hela mweke za matibabu huko. Jiandikisheni SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, mkifika tu, ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 1, 2024, mchango ni asilimia 2.75 ya kipato na hauwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Bima binafsi ulizieni kabla hamjasafiri, kampuni nyingi zina kikomo cha umri wa kuingia na ugonjwa mliokuja nao unasubirishwa, kwa hiyo mmoja wenu aliye karibu na kikomo ajaze fomu kwanza.

Nyote mnaotaka mtu wa kukaa naye bila kuuziwa kitu, kila jimbo lina washauri wa bure wa Medicare, mpango unaitwa SHIP, Texas wanauita HICAP. Au pigeni 1-800-633-4227 museme Swahili, mkalimani analetwa kwenye laini na hamlipi.