Usilipie hiyo miche ya "mlozi" kabla hujaona jani

Mkuu, usitume hiyo hela. Umeuliza kama lozi na pichi ni ndugu, kama unaweza kubebesha moja juu ya nyingine (kuunganisha kikonyo cha mti mmoja kwenye shina la mwingine), nafasi ya kupanda na maji kiasi gani. Halafu mwishoni ukaandika kwamba Jumamosi unalipia miche 200 ya "mlozi unaovumilia joto" kwa ajili ya ekari zako mbili za Chamwino. Moyo ulinipasuka. Mimi niliambiwa maneno hayohayo mwaka 2017.

Nilinunua miche 140 kwa shilingi 12,000 kila mmoja, nikapanda Kongwa. Muuzaji alinionjesha lozi za dukani, akaapa kwamba ndizo hizo. Misimu miwili nilikuwa nanunua maji ya boza tangu Juni mpaka mvua za Desemba. Miti ilishika vizuri: majani mapana kama sahani, matawi yamekaa ngazi juu ya ngazi. Nilikuwa naenda shambani jioni kuiangalia tu.

Mwaka wa tatu nikasoma kwamba mlozi na mpichi ni ndugu wa karibu mno na kwamba wenzetu huibebesha. Nikasema basi, hapo ndipo nitapata mapichi Dodoma. Nikapanda basi mpaka Lushoto, nikarudi na vikonyo vya mpichi vimefungwa kwenye gunia bichi. Nikamwita fundi anayebebesha miembe, tukafanya miti 60. Wiki ya tatu vikonyo vyote 60 vilikuwa vyeusi. Hata kimoja hakikushika. Nikamfokea fundi, nikamzuilia nusu ya ujira (nilimpa baadaye na kumwomba radhi). Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akachuma jani, akaniambia: "Mzee, mimi nimekulia Tanga. Huu ni mkungu."

Mkungu! Ule mti wa kivuli wa Pwani, ambao majani yake huwa mekundu kabla ya kupukutika na watoto hugonga kungu kwa mawe wapate kiini. Kwa Kiingereza wanauita "lozi ya India", na hapo ndipo wauzaji wanapojificha. Kiini chake kinafanana na lozi kwa ladha, lakini kwa ukoo hakuna kitu. Mkungu ni Terminalia catappa, wa familia moja na milama tunayokata kuni huku kwetu. Hata mpera na mkarafuu viko karibu zaidi na mkungu kuliko ulivyo mlozi. Na ukitaka kushangaa, mkunazi unaoota wenyewe hapo Chamwino, pamoja na mkuyu, uko karibu zaidi na mlozi kuliko mkungu, maana mkunazi, mkuyu na mlozi viko kwenye oda moja (kundi kubwa la familia za mimea) ya Rosales. Nilikuwa namlaumu fundi kwa kushindwa kuunganisha damu mbili ambazo haziungani. Kubebesha kunataka ukoo wa karibu, na mti haudanganyiki kwa jina la sokoni.

Sasa mlozi wa kweli ni Prunus dulcis na mpichi (vitabuni utaukuta mfyulisi) ni Prunus persica. Mwaka 1753 Linnaeus, yule mtaalamu wa Sweden aliyepanga majina ya Kilatini ya mimea, aliiweka yote miwili kwenye jenasi moja (kundi la mimea ndugu) aliyoiita Amygdalus, akaziacha plamsi na aprikoti kwenye Prunus. Baadaye zote zikaunganishwa kwenye Prunus, ila mlozi na mpichi bado vinakaa chumba kimoja humo ndani. Kila mmoja una jozi 8 za kromosomu, vinazaliana, na chotara wao anatumika kama shina la kubebeshea. Viliachana mamilioni ya miaka iliyopita: mpichi ni wa China, ingawa jina lake la Kilatini linautaja Uajemi, na mlozi ulibaki upande wa nchi kavu za Asia ya kati na ya magharibi. Ndiyo maana nyama ya pichi ina maji, ya lozi inakauka na kupasuka. Vunja kokwa ya pichi uone kiini chake: ni lozi kabisa kwa sura. Usikile, kina kemikali inayotoa sianidi, sawa na lozi chungu.

Kinachonikera mpaka leo ni wale wa video za kilimo wanaosimama mbele ya mkungu na kutamka "mlozi" bila kuona haya, na muuzaji wangu ambaye nilipompigia alisema eti "jina ni jina tu." Jina lile lilinila zaidi ya milioni na laki sita kwa miche peke yake, boza sijaliweka.

Kwa hiyo mkuu: jina la kwanza la Kilatini lazima liwe Prunus, na jani lazima ulione kwa macho. Jani la mlozi ni jembamba, refu, lina meno madogo pembeni, unaweza kulichanganya na la mpichi. Likiwa pana kama kiganja, ondoka. Na hata ukiuziwa mlozi halisi, unataka saa mia kadhaa za baridi ya chini ya nyuzi 7 ndipo uchanue vizuri. Dodoma Julai usiku mara nyingi hatushuki hata chini ya 10. Mapichi waachie Lushoto na Njombe, wana mwinuko wa kutosha.

Mwambie huyo muuzaji akupigie picha ya jani akiwa ameliweka juu ya kiganja chake, uiweke hapa kabla ya Jumamosi. Niko hapa usiku wote, nitaiangalia.