Mbona Orodha ya Wasiolipa Inarudi Tupu?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninatunza kanzidata ya chama chetu cha kuweka na kukopa. Nikitafuta kwa sharti NOT IN (“haimo katika”) la SQL, lugha ya kuulizia kanzidata, wanachama ambao namba zao hazimo katika jedwali la malipo, sipati hata jina moja, ilhali wadaiwa ninawajua kwa sura. Tatizo ni nini?

JIBU: Yaelekea katika jedwali la malipo kuna mstari usio na namba ya mwanachama, pengine fedha iliyopokelewa kabla mlipaji hajatambuliwa. Katika SQL nafasi tupu kama hiyo huitwa NULL, nayo si sifuri bali ni thamani isiyojulikana, na kwa kuwa mashine haiwezi kuthibitisha kwamba, mathalani, namba 27 ya mwanachama ni tofauti na kitu isichokijua, humwacha nje mwanachama huyo na wenzake wote, tena bila ujumbe wowote wa kosa, jambo ambalo kwa kweli linaudhi. Tumia NOT EXISTS, inayomchagua mwanachama asiye na mstari wowote wa malipo unaolingana naye, na ndani yake uweke sharti malipo.namba = wanachama.namba. Kuongeza malipo.namba IS NOT NULL, yaani kuruka mistari ya malipo isiyo na namba, kwenye hoja (query) yako ya sasa kungefaa pia, ila husahaulika kwa urahisi. Mstari wenyewe usiufute kabla mweka hazina hajaulinganisha na stakabadhi.