Watoto wakilala mchana, shika kazi inayokubali kukatishwa

Usingizi wa mchana wa mtoto mdogo hauna mkataba. Leo atalala saa mbili nzima, kesho bodaboda inapita dirishani na honi yake, dakika 40 tu na ameshaamka. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa wazazi wenzangu ni huu: kabla hujaamua ufanye nini watoto wakilala, jiulize kama kazi hiyo unaweza kuiweka chini sasa hivi, ilipofikia, bila kuharibika na bila hatari. Kama haiwezekani, ingoje siku yenye mtu mwingine nyumbani.

Kwa hiyo mimi nikiwa peke yangu na watoto sikaangi chochote mchana. Maandazi, kaimati, visheti, vyote vitamu, lakini karai la mafuta ya moto haliachwi jikoni ukakimbilia chumbani kumnyanyua mtoto anayelia. Na kumbeba mtoto huku unageuza kaimati ndiyo hatari zaidi. Hilo sina mjadala nalo.

Jambo la pili, usiogope kumlaza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku nzima, na wa miaka 3 hadi 4 saa 10 hadi 13, ukihesabu na usingizi wa mchana. Kwa hiyo huo muda ni haki yake, na sioni ubaya ukiwa haki yako pia. Vyombo vitaoshwa. Nguo zitafuliwa. Ukitumia kila mchana kufuata kazi za nyumba, jioni unawapokea watoto ukiwa umechoka na hasira ziko karibu.

Kitu ninachokipenda kupika muda huo ni kashata za nazi, kwa sababu kazi yake inagawanyika. Kukuna nazi ni asubuhi, watoto wakiwa macho, maana mlio wa mbuzi chumba cha pili humwamsha mtoto mwepesi wa usingizi. Tena mkubwa anafurahi kuokota vipande na kula. Iliki nayo naitwanga asubuhi hiyo hiyo. Wakilala, kilichobaki ni jikoni tu, na hakizidi nusu saa.

Kwa vikombe 2 vya nazi iliyokunwa natia kikombe 1 cha sukari, robo kikombe cha maji, kijiko kidogo cha iliki na chumvi kidogo sana. Sukari na maji vinatangulia kwenye sufuria nzito, moto wa wastani. Usikoroge koroge, acha sukari iyeyuke yenyewe, ichemke mpaka mapovu yawe makubwa na mazito. Dondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi: likitawanyika, shira bado, likikusanyika chini likawa laini kama nta, tia nazi na iliki. Hapo sasa ndipo mwiko usitulie. Nazi itatoa maji, utadhani umeharibu, endelea. Itakauka polepole, itaanza kuachana na sufuria na kufuatana na mwiko kama donge moja. Hapo epua. Ukichelewa zitakuwa ngumu na kuvunjikavunjika, ukiwahi zitabaki kama uji mtamu.

Mimina kwenye sinia uliyopaka mafuta kidogo, sawazisha kwa mgongo wa kijiko, kisha kata mshazari zingali na joto. Zikipoa kabisa kisu hakipiti vizuri. Wanaopenda rangi hutia tone la rangi ya chakula kwenye nusu ya mchanganyiko, wakapata kashata nyeupe na za waridi. Zangu huwa nyeupe tu, napenda nazi ionekane.

Tumia jiko la gesi kama unalo. La mkaa linatoa kashata nzuri sana, lakini gesi inazimwa kwa mkono mmoja mtoto akiita. Shira iliyozimwa katikati unaweza kuirudishia maji kidogo na kuichemsha upya. Kashata za karanga sizipiki mchana kwa sababu hiyo hiyo: sukari yake inaunguzwa mpaka iwe kahawia, sekunde chache zinatosha kuigeuza chungu, na ikikurukia inashika ngozi. Pia karanga na ubuyu vinaweza kumpalia mtoto mdogo, kwa hiyo vikipikwa nyumbani kwangu huwekwa juu ya kabati, ni vya wakubwa. Hata hizi za nazi, wa chini ya miaka miwili simpi. Sukari ataijua tu huko mbele.

Siku ambayo sitaki moto kabisa, nashika ukili, yaani utepe mrefu unaosukwa kwa miyaa, majani makavu ya kusukia mikeka na makapu. Huu nilifundishwa na mama mkwe wangu, mtu wa Pemba, ambaye vidole vyake husuka huku anazungumza na kuangalia mlango. Kazi yote ya mkono niliyojaribu, hakuna inayomfaa mzazi kama hii. Miyaa haina ncha kali, haihitaji meza wala umeme, haipigi kelele. Mtoto akiamka unaufunga ukili pale ulipofika kwa kipande cha uzi, unauviringisha, basi. Kesho unaendelea palepale.

Siri yake ni unyevu. Miyaa mikavu hupasuka ukiikunja, kwa hiyo naifunga kwenye kitambaa kibichi tangu asubuhi. Chana iwe na upana sawa, maana ukili wenye miyaa minene na membamba utapinda na hautashonekana vizuri. Mwaa mmoja ukikaribia kuisha, laza mpya juu yake, suka yote miwili pamoja kwa mikunjo kadhaa, halafu ule wa zamani uache uishie kwa chini. Ncha utazikata baadaye kwa mkasi. Anza na wa rangi moja. Miyaa ya rangi inavutia sana sokoni, lakini mapambo yanataka hesabu, na hesabu haiendi na sikio lililoko chumbani.

Ukili ukiwa mrefu wa kutosha, unauzungusha na kuushona ukingo kwa ukingo. Kapu dogo linatosha kuanzia. Tangu serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019, mimi sokoni naenda na kapu, na la kujisukia mwenyewe halilingani na la kununua.

Kofia za vito, zile za kutarizi kwa mkono, nazo ni kazi nzuri na zina soko, ila sindano zinataka nidhamu: nazihesabu kabla na baada, na zinakaa kwenye kopo lenye kifuniko. Shanga nimeacha mpaka wadogo wakue. Mabaki ya vitenge kutoka kwa fundi cherehani hufaa kwa mwanasesere wa kushona kwa mkono; macho mtarizie kwa uzi, usimtie vifungo, kwa sababu mtoto ataving'oa na kuvitia mdomoni.

Na ukitaka kuwaandalia kitu cha kuamkia, kanda unga wa kuchezea: vikombe 2 vya ngano, kikombe 1 cha chumvi, kijiko cha mafuta, na maji kidogo kidogo mpaka uache kunata. Manjano hutoa rangi nzuri, ingawa hubaki kwenye nguo. Kaa nao wakichezea, maana chumvi hiyo ni nyingi mno kwa mtoto kuila. Ukifunikwa kwenye bakuli unadumu siku kadhaa.

Kwa anayetaka kuanza wiki hii, nunua kifungu kimoja tu cha miyaa isiyo na rangi, umwombe muuzaji akuonyeshe namna ya kuanzia. Wengi wao ni wasukaji wenyewe, watakuanzishia vidole vichache papo hapo. Kifungu chenyewe kining'inize juu ya msumari, mahali pakavu, mikono midogo isipofika.