Anasoma gazeti bila kukwama, lakini ameelewa?

Mtoto wa miaka sita akimsomea mjomba gazeti mbele ya wageni, sebule nzima hushangilia. Furahini tu, ni haki yenu. Ila Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa: aliyekwisha kushika irabu tano na silabi zake anaweza kutamka tahariri nzima ya uchumi asiambulie kitu. Ulimi umefika, akili bado iko njiani.

Kipimo chepesi ni neno «barabara». Mpe sentensi hii: «Fundi alifanya kazi barabara.» Anayeelewa huweka mkazo kwenye «ra» ya kwanza, anayetamka tu atakusomea barabara ya magari. Jaribu na «paa»: la nyumba, mnyama au kuruka juu? Asipobabaika, maana anaipata.

Kila jioni dakika 15 zinatosha. Asome kurasa mbili au tatu, afunge kitabu, akusimulie kwa maneno yake, kisha umuulize swali moja tu la «kwa nini». Ukiuliza kumi umegeuza hadithi kuwa mtihani, na kesho atakuambia ana usingizi. Ukurasa mmoja ukiwa na maneno matano au zaidi asiyoyajua, mrudishe kwenye kitabu chepesi. Kile kigumu msomee wewe. Na akitaka hadithi ileile kwa mara ya nane, mwache. Kurudia ndiko kunakompa kasi.

Wengi hukwama kwenye ng' na ng. Mwandikie «ng'ombe» na «ngoma» pamoja, ayatamke akisikiliza tofauti. Mtego mwingine ni m na n zinazosimama peke yake kama silabi: «mbu» ni m-bu, «nchi» ni n-chi, makofi mawili kila moja, lakini «mbona» ni mbo-na. Mpigishe makofi, kumweleza kanuni ni kumchosha. Kidole chini ya mstari usikikataze, atakiacha mwenyewe.

Akianza Kiingereza atasoma «make» kama ma-ke. Hajarudi nyuma, anatumia kanuni aliyoizoea. Tenga muda wa kila lugha, wala usimcheke, hasa mbele ya binamu zake.

Vitabu vikiisha nyumbani, hadithi za African Storybook zipo bure mtandaoni, nyingi kwa Kiswahili, zimepangwa kwa ngazi. Zichapishe ukiweza, kwenye simu mkono huhamia kwenye michezo. Ukurasa ukichanika, bandika kipande cha karatasi nyembamba kwa gundi nyeupe kidogo, maana selotepu hugeuka njano na kung'oka na herufi.

Taa ya kusomea itokee upande wa pili wa mkono anaofuatishia mistari, kivuli kisiangukie maneno. Lakini akigusisha pua kwenye kitabu hata mchana kweupe, usiseme anapenda sana kusoma. Mpeleke akapimwe macho.